Mchezo wa Drafti na Sheria ya Kula, kama Uchezwavyo Igoma

Msafiri atokaye mjini Mwanza kwa njia iendayo Musoma hupita Igoma kabla ya kufika Kisesa. Hapo magari hushusha watu na kupakia wengine mchana kutwa, na palipo na magari hapakosi watu wangojao: wapiga debe, waendesha bodaboda, mafundi wa viatu, na wazee waliokwisha kuuza walichokuja kuuza. Wangojao hawawezi kukaa bure, na shughuli yao ni drafti. Ubao waweza kuwa kipande cha mbao kilichopigwa rangi, au boksi lililokunjuliwa na kuchorwa kwa kalamu ya wino, au hata uso wa meza ya muuza chai. Kete ni visoda, yaani vizibo vya chupa za soda, vilivyookotwa mlangoni pa duka. Mchezo mzima haukumgharimu mtu hata senti moja.

Wapitao njia huutazama wakadhani ni mchezo wa kupotezea wakati, tena wa kitoto. Nimeona yafaa kuueleza kwa utaratibu, kwa sababu wanaoucheza huufundisha kwa macho tu. Kijana huketi nyuma ya wakubwa, hutazama mwezi mmodi au miwili, kisha hupata kiti. Sheria hazisemwi mpaka ugomvi utokee; na ugomvi ukitokea, fedha imekwisha kuwekwa, na kila mmoja ana sheria yake. Yeyote atakayesikiliza kwa makini ataona ya kuwa ugomvi karibu wote wa drafti hutoka katika neno moja, nalo ni kula.

Kwanza tuutazame ubao. Una vyumba 64, safu nane kwa nane, vyeusi na vyeupe kwa zamu. Mchezo hutumia vyumba 32 tu, vya rangi moja. Vile vingine hukaa bure tangu mwanzo hata mwisho. Hapa nitafuata desturi ya kutumia vyeusi, na ubao uwekwe hivi kwamba pembe ya kushoto ya kila mchezaji iwe nyeusi. Kila mmoja ana kete 12, azipangazo katika safu tatu zilizo karibu naye, nne katika kila safu. Safu mbili za katikati huachwa wazi. Visoda vikiwa vya namna moja, mmoja huvilaza kifudifudi na mwenziwe huvilaza chali, nao hawachanganyi. Ajuaye bao la Kiswahili atatambua hesabu hizi na kutabasamu, maana bao lina mashimo 32 na kete 64, na drafti ina vyumba 64, vitumikavyo 32. Sidhani kwamba hesabu hizo zina undugu. Lakini mzee wa bao akiketi mbele ya drafti hajioni mgeni sana, na sababu yake tutaiona mbele.

Kete huenda mbele, kwa mshazari, chumba kimoja kwa zamu moja. Hairudi nyuma, wala haiendi pembeni. Ikikuta kete ya adui katika chumba kinachofuata, na chumba kilicho nyuma ya adui kikiwa kitupu, huiruka na kutua pale, na ile iliyorukwa huondolewa ubaoni. Ndiko kula. Ikiwa pale ilipotua yaweza kuruka tena, haina budi kuruka tena, hata mara ya tatu au ya nne, mpaka hakuna cha kurukwa. Kwa desturi ya huku kete hula kwa kwenda mbele tu. Aliyemaliza kete za mwenziwe ameshinda, au kama wasemavyo, amemfunga. Hali kadhalika aliyemziba mwenziwe hata hana pa kupeleka kete. Afungwaye huinuka, mshindi hukaa, na mwingine aliyekuwa akingoja hushika nafasi. Hayo ndiyo yote, na mtoto wa miaka saba aweza kuyashika kabla chai haijapoa.

Lakini imebaki sheria moja, nayo ndiyo inayoufanya mchezo huu kuwa mchezo: awezaye kula sharti ale. Si hiari. Hata akiona kwamba akila ataangamia, sharti ale.

Neno lenyewe latupasa tulitazame kidogo. Kiswahili hutumia kula kwa mambo mengi yasiyopita kinywani: mtu hula kiapo, hula njama, hula hasara, mkubwa aliyejitwalia mali ya watu amekula fedha. Katika Kiganda, mrithi wa enzi husemwa kuwa ameula ufalme. Wasukuma nao husema kulya, neno lile lile kwa shina lake. Basi tusishangae kusikia kete ikila kete. Wareno na Wahispania nao husema hivyo hivyo katika mchezo huu, ila Waingereza husema kwamba wanatwaa au wanaruka. Tofauti ya maneno si ndogo kama idhaniwavyo. Atwaaye aweza kuacha. Lakini mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake hali kwa hiari. Kutokana na kula wachezaji wamepata kulisha, na hapo ndipo ilipo elimu ya drafti. Mchezaji mchanga hutafuta kula. Mchezaji mkomavu hutafuta kulisha, kwa maana ajua kwamba mwenziwe hawezi kukataa sahani.

Nitatoa mfano mmoja, na msomaji achore ubao aufuate kwa visoda vyake. Safu ziendazo kutoka kwetu hadi kwa adui tuziite kwa herufi, A hadi H, tukianza kushoto kwetu. Safu zikatazo tuziite kwa tarakimu, 1 hadi 8, tukianza upande wetu. Pembe yetu nyeusi ya kushoto basi ni A1. Mchezo umekaribia mwisho. Sisi tumebakiwa na kete tatu, katika A1, B2 na A3. Adui naye ana tatu, katika A5, E5 na E7. Zamu ni yetu. Mtazamaji asemaye upesi atasema ya kuwa wako sawasawa, au kwamba adui ni bora, kwa kuwa kete zake zi wazi na zetu zimesongamana pembeni kama mbuzi kwenye mvua.

Twasukuma kete ya A3 hadi B4, mdomoni mwa adui. Kete yake ya A5 sharti ile: yairuka B4, yatua C3. Pale C3 imeikaribia kete yetu ya B2, nayo ingependa kuila, lakini nyuma ya B2 ipo A1, na A1 ina mtu. Basi yasimama. Sasa zamu ni yetu. Kete ya B2 yairuka C3 na kutua D4. Kutoka D4 yairuka E5 na kutua F6. Kutoka F6 yairuka E7 na kutua D8, safu ya mwisho. Tumetoa moja, tumekula tatu kwa mkono mmoja, na adui hana kitu.

Sasa msomaji arudishe visoda mahali pake, kisha aiondoe ile kete ya A1 peke yake, acheze vile vile. Adui ataila B4, atatua C3, na kwa kuwa A1 sasa ni tupu, ataendelea kuila B2 na kutua A1. Sisi ndio tuliokwisha. Kete iliyokaa pembeni mchezo mzima bila kutembea, ambayo wasiojua huiita mzigo, ndiyo iliyotenga ushindi na maangamizi. Ndiyo maana wachezaji wazuri huchelewa sana kuziondoa kete za safu ya nyuma, na mtu azisukumaye mapema huonwa mara moja kuwa ni mwanafunzi.

Mzee wa bao, niliyemtaja juu, hatashangazwa na sheria hii. Katika bao la Kiswahili mwenye kuweza kula hana ruhusa ya kutakata. Sharti ale kwanza. Na katika bao pia wako wachezaji hodari wamtegeao mwenzao ulaji mdogo ili wao wapate mkubwa. Wasukuma wanao mchezo wao wa mashimo uitwao isolo, na wazee kadhaa waketio penye drafti hapa Igoma waliujua huo kwanza. Drafti ilikuja baadaye, na jina lake ladhihirisha ilipotoka: ni neno la Kiingereza lililovikwa irabu mwishoni lipate kutamkika. Pwani limo neno la zamani zaidi, dama, lililoandikwa katika kamusi zetu. Waarabu husema dama, nao Wareno husema damas. Bara neno hilo halikushika. Walakini katika mchezo huu wenye jina la kigeni, kete ni neno letu, kula ni neno letu, kufunga ni neno letu. Ni jina la nje na lile la cheo tu lililobaki Kiingereza, nalo ni kingi.

Kete ifikapo safu ya mwisho upande wa adui hupanda cheo, ikawa kingi. Kisoda cha pili huwekwa juu ya cha kwanza, kama kofia. Mtu aweza kuuliza kwa nini watu wenye neno mfalme, na Wasukuma wenye neno ntemi, wamepokea kingi. Nadhani ni kwa sababu mfalme na ntemi hawatokani na kutembea. Ntemi alitoka katika ukoo wake, akatawazwa kwa desturi zake, akawa na ngoma zake na kiti chake. Atakaye kuviona vitu vya namna hiyo na aende Bujora, pale Kisesa, penye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padre David Clement. Enzi ya watemi iliondolewa na sheria mwaka 1963. Kingi wa drafti hana ukoo. Ni kisoda kama vingine kilichobahatika kufika. Tena lugha haijaamua kama ni mtu au ni kitu, maana katika ubao mmoja utasikia huyu akisema kingi wangu na yule akisema kingi yangu.

Nguvu za kingi ni kubwa. Kete huenda mbele tu, lakini kingi huenda mbele na nyuma. Kete huenda chumba kimoja, lakini kingi huruka njia yote ya mshazari iliyo wazi. Akimwona adui mbali, na nyuma yake chumba ni kitupu, humla toka pale alipo, na kutua chumba chochote kitupu kilicho nyuma ya yule aliyeliwa katika njia hiyo. Na akiwa na wa kumla tena, huendelea. Basi apataye kingi kwanza amekaribia kushinda. Hata hivyo kingi naye yu chini ya sheria ya kula. Hakuna furaha kwa watazamaji wa Igoma kama kumwona kingi aliyetukuzwa sasa hivi akiwekewa kisoda kimoja cha kumwita, akalazimika kuruka ng'ambo ya ubao, na kule akaliwa na kete ya kawaida. Cheo hakikumwondolea wajibu.

Hapa pana jambo la adabu ambalo mgeni hawezi kuliona asipoelezwa. Mezani huketi kijana na mzee, ambao barabarani wangeamkiana kwa shikamoo na marahaba. Kijana ametega, mzee ameona mtego, naye asita, mkono wake hewani. Kijana afanyeje? Kumwambia mtu mzima “Kula!” kwa amri tupu ni utovu wa heshima. Basi kijana husema, “Mzee wangu, chakula kimeiva,” au “Karibu, babu, sahani ipo,” na mzee hujibu, “Nimeshiba, mwanangu,” huku watu wakicheka. Kisha hula, kwa maana hana njia. Kwa vijana wa rika moja hakuna kufunika maneno hivyo. Huamriana kwa sauti, na mwenye kusita huambiwa ya kwamba ubao si kitanda. Watazamaji nao husema mno; na mtazamaji aliyeonyesha mtego kwa kidole amewahi kuvunja mchezo wenye dau, jambo ambalo sipendi hata kidogo.

Sasa nirudi katika ugomvi. Sheria ya kula imo katika kila kijiwe, lakini matawi yake hayafanani, na wachezaji wa mahali pawili wakikutana kila mmoja huamini kwamba ya kwao ndiyo sheria na ya mwenziwe ni hila. La kwanza: ikiwa njia za kula ni mbili, moja yenye kete moja na nyingine yenye tatu, je, mtu achague, au sharti afuate penye nyingi? Drafti ya Tanzania kwa kawaida humwachia mtu achague njia, bali akishaichagua hana budi kuimaliza. La pili: aliyesahau kula afanywe nini? Zamani Wafaransa na Waingereza walikuwa na desturi ya kuiondoa ubaoni kete iliyoacha kula, na neno walilolitumia lilikuwa na maana ya kupuliza, kana kwamba kete imepeperushwa kwa pumzi. Katika mashindano yao desturi hiyo imekwisha kuachwa, na mchezaji hurudishwa ale. Nionavyo mimi, kurudishwa ndiko bora, kwa kuwa adhabu ya kupuliza huwapa werevu nafasi ya kujifanya wamesahau wakati kusahau kunawafaa. La tatu: kete iliyofika safu ya mwisho katikati ya kula, je, isimame pale, au iendelee kula papo hapo kama kingi? Hili limevunja urafiki wa watu wengi kuliko yale mawili.

Ukitoka nje ya nchi tofauti huzidi. Nchini Kenya kuna desturi ya kingi arukaye mbali lakini hulazimika kutua chumba kile kile kinachomfuata aliyeliwa. Warusi hucheza kwa vyumba 64 kama sisi, lakini kete zao za kawaida hula hata kwa kurudi nyuma. Ghana hutumia ubao wenye vyumba 100, na kete 20 kwa kila mtu. Katika drafti ya Kiingereza kingi huenda chumba kimoja tu, mbele au nyuma. Hiyo ya Kiingereza ndiyo iliyochunguzwa hata mwisho wake: mtaalamu Jonathan Schaeffer na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walianza kazi hiyo mwaka 1989 kwa kompyuta, na mwaka 2007 walitangaza kwamba wachezaji wawili wasiokosea kamwe hawawezi kufungana; mwisho wao ni sare. Vijana wengine wamesikia habari hiyo wakadai kwamba drafti imekwisha. Sivyo. Kingi wa Kiingereza atembeaye kwa miguu na kingi wa Igoma arukaye si mtu mmoja, na jibu la mchezo ule si jibu la mchezo huu.

Kwa sababu hizo nashauri, kabla ya kisoda cha kwanza kusogezwa, wachezaji wasiojuana wasemezane mambo manne kwa maneno machache: nani aanze, njia ya kula ni ya kuchagua au ni ya penye nyingi, aliyesahau atendewe nini, na kete ifikayo mwisho katikati ya kula iendelee au isimame. Mambo haya hayahitaji dakika mbili, na yakisemwa mbele ya watazamaji hakuna awezaye kuyageuza baadaye.

Limebaki neno juu ya sare, maana hapo nako watu hupoteza saa nzima bure. Kingi mmoja dhidi ya kingi mmoja, kwa kawaida hapana ushindi, na wawili dhidi ya mmoja mara nyingi ni vivyo hivyo ikiwa mwenye mmoja ana macho. Watatu dhidi ya mmoja hushinda kwa kumzungushia mitego pande tatu, illa mahali pamoja: ubao una njia moja ndefu kuliko zote, itokayo pembe ya A1 mpaka pembe ya H8, na kingi aliyewahi kuishika njia hiyo, akawa hafanyi neno ila kwenda na kurudi humo, hao watatu hawamtoi. Mwenye watatu akikataa sare, mwenye mmoja na aendelee kutembea njia yake taratibu, asihamaki, mpaka gari la mmoja wao lijae abiria.